Kahawa Isiyokwisha

Miaka ya tisini nilikuwa na pikipiki kubwa ya safari. Mke wangu akisema itaniua, lakini hayo tuyaache. Siku moja nikatoka kwangu Hamriya, mtaa wa Maskati, nikashika njia ya changarawe ya milimani, kaskazini huko. Kijijini mzee mmoja akaniita kwake kunywa kahawa. Pikipiki nikaiacha nyuma ya ukuta, nisikoweza kuiona.

Nikimaliza kikombe, ananimiminia tena, ananitazama tu. Mara nikasikia chuma kinagongwa nje. Nikasema moyoni, huyu ananichelewesha, wenziwe wanaifungua pikipiki yangu. Na mimi nimekulia Unguja, kahawa ya mtu siikatai.

Mwisho nikamwambia kwa Kiarabu changu kibovu, "Ammi, nimeshiba, na nna safari."

"Sasa mbona hukitikisi kikombe?" akasema. "Asiyetikisa anataka zaidi. Nikadhani huko Maskati hamna kahawa."

Nikakitikisa, nikatoka mbio. Jirani alikuwa akinyoosha jembe lake kwa nyundo. Pikipiki ilikuwa vile vile nilivyoiacha. Hata hivyo nilizishika boliti zake zote, moja moja, ndipo nikaondoka.