Kaanguka Sanna

Mwanamvua wa Misugusugu hajawahi kuona barafu inayozidi ile ya wauza samaki, wala theluji isipokuwa ile inayoganda kwenye friji ya jirani yake Marselina, ambayo mwenyewe huikwangua kwa mwiko. Lakini mwulize habari za wale wasichana wanaocheza juu ya barafu, wenye viatu vya makali ya chuma na vigauni vya kumetameta, atakueleza nani kabadili mwalimu, nani goti linamsumbua na nani anapendelewa na majaji. Ukikosea ukaendelea kukaa, atakuhamishia kwenye jimnastiki, na hapo chai itapoa.

Ugonjwa huo aliachiwa na marehemu mumewe, Mwishehe, bila ya marehemu kukusudia. Mwishehe alifunga dishi kwa ajili ya mpira. Alipofariki, Mwanamvua akaliacha dishi juu ya bati kama alivyoziacha kofia zake ukutani, kwa heshima tu. Basi siku moja yumo ndani ya eda, hatoki, anatafuta mawaidha kwenye runinga, kidole kikakosea kitufe. Akatokea msichana anazunguka kama pia, mguu mmoja kaupandisha mpaka kisogoni. Mwanamvua alidhani sakafu ile imemwagiwa sabuni. Akangoja amwone akianguka. Hakuanguka. Akangoja mwingine. Eda ilipokwisha, alikuwa anawajua wote kwa majina.

Baada ya hapo maisha yake yalijipanga yenyewe. Asubuhi anachoma vitumbua kando ya barabara kuu, jua likikaza ameshauza na kuosha chuma chake cha kuchomea, na mchana ni wake na runinga. Wasichana wote aliwapenda, ila mmoja alimfanya mwanawe. Huyo ni Sanna, Mfini wa huko Ulaya, wa miaka kumi na saba, mwembamba kama ufito, mwenye tabia ya kung'ata mdomo kabla ya kuruka. "Mwanangu huyu," Mwanamvua alikuwa akisema, na kuifuta runinga vumbi kwa ncha ya khanga, pale penye uso.

Mwana wa kumzaa alikuwa naye, na ni mmoja tu, Firdausi, aliyeolewa Kisarawe na kijana mmoja mtulivu aitwaye Latifu, muuza vipuri vya pikipiki. Lakini kwa Firdausi mambo yalikuwa yameingia mchanga, na mchanga wenyewe uliingia siku ya harusi.

Siku hiyo, wakati ndoa inafungwa, mama wa bibi harusi alilia. Alilia vizuri, kwa machozi mengi na bila kelele, mpaka wageni wakasema huyu ndiye mama anayejua uchungu wa kutoa mwana. Firdausi mwenyewe alipoyaona machozi yale, roho ilimlainika, kwa sababu mama yake hakuwa mtu wa kulialia. Wiki chache baadaye ikaletwa video. Mpiga picha alikuwa hodari, alikuwa amemsogelea mama karibu kabisa. Na pale karibu ikaonekana mwanga wa simu chini ya khanga, na juu ya kioo cha simu kitu kidogo cheupe kinazunguka. Yalikuwa mashindano ya dunia. Sanna alikuwa amepata nishani yake ya kwanza.

"Kwa hiyo yale machozi hayakuwa yangu," Firdausi alisema kwenye simu.

"Yalikuwa yenu wote," Mwanamvua akajibu. Alisema kweli, lakini kuna ukweli ambao bora mtu aumeze. Tangu hapo Firdausi hakukanyaga Misugusugu, na simu zake zikawa za sikukuu na salamu tu.

Sasa ikafika siku ya mashindano makubwa huko Mashariki ya mbali, ambako usiku wao ni mchana wetu. Mwanamvua alikula mapema, akafungua madirisha yote kwa joto, akakaa. Sanna alikuwa anaongoza. Akatoka, akang'ata mdomo, akaanza. Mruko wa kwanza ukatulia, wa pili ukatulia, wa tatu akaingia vibaya, mguu ukamponyoka, akaburuzika mpaka ukingoni kama gunia la mihogo lililodondoka kwenye fuso.

"Kaanguka Sanna!" Mwanamvua alipiga yowe, mikono kichwani. "Jamani, mwanangu! Kaanguka Sanna!"

Sikio la Misugusugu halina habari na Wafini. Marselina, aliyekuwa anaanika nguo upande wa pili wa ua, alisikia mama anamlilia mwanawe kwamba kaanguka sana. Akaziacha nguo kwenye beseni. Yeye ni mtu wa Rombo aliyehamia Pwani zamani, na jambo moja alilojifunza huku ni kwamba msibani huingii peke yako. Akaenda kwanza kwa mjumbe wa mtaa.

Hashiru, mjumbe, ana kipaji cha kupokea habari ikiwa kijiti na kuitoa ikiwa mti. Aliposikia Firdausi kaanguka sana, akakumbuka kwamba mume ni mtu wa pikipiki, akajua kaanguka na pikipiki. Walipokatiza mtaa kuwaambia wengine, majeruhi alikuwa mahututi. Walipofika kwa mwenye turubai, alikuwa ameshafariki. Hashiru akapiga simu mbili papo hapo. Ya kwanza kwa Mwinyimadi, kaka yake Mwanamvua, huko Maneromango. Ya pili kwa Latifu, na kwa kuwa msiba mzito haumwagwi kwenye simu, alimwambia kwa hekima: "Kuna msiba huku kwa mama mkwe wako. Mlete mkeo haraka, usimwambie kitu." Hashiru hakujiuliza ni mke gani huyo wa kuletwa, ikiwa aliyekufa ni yeye. Hekima ilikuwa imemjaa, swali halikupata pa kukaa.

Mwanamvua alikuwa amezima runinga asione marudio. Ananawa uso, akaona wanawake wanaingia mmoja mmoja, khanga vichwani, wanavua viatu, wanakaa mkekani kimya. Nyuma yao Hashiru, kofia mkononi. Moyo ukamjaa. Miaka yote alidhani mtaa mzima unamcheka.

"Pole, Mama Firdausi," Marselina akasema, akimshika goti.

"Ahsanteni. Sikujua kama na nyie mmeona."

"Hatujaona, tumesikia. Kaangukia wapi?"

"Kwenye kona, karibu na mabango ya matangazo."

Wanawake wakatikisa vichwa. Barabara ya Kisarawe ina mabango, na ina kona.

"Alikuwa mwendo kasi?" Hashiru akauliza.

"Mwendo ulikuwa mzuri tu. Shida, kageuka kinyumenyume."

"Kinyumenyume!"

"Ndivyo wanavyofanya wote, mjumbe. Na pale panateleza, wewe hata kusimama usingeweza."

Hashiru, ambaye anajivunia leseni yake ya udereva, alimeza hilo kwa ajili ya marehemu. "Na mume je? Kaumia?"

"Mume gani?" Mwanamvua akashangaa. "Mtoto wa miaka kumi na saba ana mume gani?"

Marselina aliona wazi kwamba majonzi yamemrudisha mwenzake nyuma miaka, anamwona mwanawe bado kigori. Akamkumbatia, akamwambia polepole, kama mtu anayemmiminia mgonjwa dawa: "Mama Firdausi, jikaze. Firdausi hatunaye tena. Mungu amempenda zaidi."

Mtu mwingine angeuliza. Mwanamvua hakuuliza. Aliwaona wanawake wamekaa, akamwona mjumbe ameshika kofia, akasikia nje turubai linaburutwa, akaelewa kwamba watu hawa wamemletea habari ambayo mtaa mzima unaijua isipokuwa yeye. Alijaribu kusimama. Akaanguka chali, kichwa kikapiga ubavu wa kochi, na safari hii hakupiga yowe hata kidogo.

Walimmwagia maji, wakampepea. Alipofumbua macho alisema jambo moja: "Nani kawaambia?"

"Si wewe mwenyewe," Marselina akasema.

"Mimi?"

"Umelia kwamba mwanao kaanguka sana. Mpaka kwangu nimesikia."

Mwanamvua akamtazama. Akaitazama runinga iliyozimwa. Akaanza kuelewa, na kadiri alivyoelewa ndivyo alivyotamani asingezinduka. Lakini hofu ikishaingia haitoki kwa maelezo. Akampigia Firdausi. Simu inaita, haipokewi. Akapiga tena. Inaita tu. Akamwambia Hashiru kwamba aliyeanguka ni Mfini, na akaendelea kulia, kwa sababu huenda Firdausi naye kaanguka. Mungu hashindwi kuyafanya kweli maneno ya kinywa cha mpumbavu.

Firdausi hakupokea kwa kuwa alikuwa nyuma ya pikipiki ya mumewe, wanaipita Kiluvya, naye analia kwa sauti. Latifu hakuweza kumficha, kamwambia kuna msiba kwa mama. Kwa mama wanaishi watu wangapi? Mmoja. Njia nzima alikuwa anaomba apewe siku moja tu ya kurudia simu zile za salamu tu.

Pikipiki ikasimama chini ya turubai. Wanawake waliokuwa wanachagua mchele nje, ambao habari za Mfini zilikuwa hazijawafikia, wakainua macho, wakamwona marehemu anashuka, anarekebisha baibui. Ungo ukaenda upande wake, mchele upande wake. Mmoja alikimbia na mwiko mpaka kwenye barabara kuu. Firdausi hakuona lolote, akapita mbio mpaka ndani, akamkuta maiti wake ameketi kwenye kochi, nywele zinachuruzika maji, simu mkononi.

Wote wawili walipiga kelele kwa pamoja. Kisha wakashikana, na kwa muda hakuna aliyeweza kuwaachanisha.

"Nani kafa, mama?" Firdausi akauliza hatimaye.

"Wewe."

Ikabidi aelezwe. Marselina alianza, Hashiru akamalizia, akiruka sehemu yake. Firdausi alisikiliza mpaka mwisho, akafuta uso, akajitoa taratibu mikononi mwa mama yake.

"Sanna," alisema. "Harusi yangu ya Sanna. Na msiba wangu nao wa Sanna."

Aliyejibu ni Marselina: "Lakini tulipomwambia kwamba ni wewe, mwenzangu, alizimia. Gusa kisogoni hapo, pamevimba."

"Alizimia saa ngapi? Kabla hamjaniua au baada?"

"Baada."

"Kwa ajili ya Sanna si alizimia?"

"Kwa Sanna alipiga kelele tu."

Firdausi akampapasa mama yake kisogoni. Palikuwa pamevimba kweli. Akakaa chini mkekani, akaegemea miguu ya mama yake, akaomba aletewe maji ya kunywa.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Mwinyimadi alipofika, amepanda lori la mkaa, amekuwa mweusi mpaka kope. Mkono mmoja kashika kamba ya mbuzi, kwapani sanda mpya. Firdausi akamwendea: "Shikamoo, Mjomba."

Mzee alichelewa kidogo kuitikia. "Marahaba," akasema. "Kumbe na nyie marehemu mnaamkia."

Alipoelezwa, hakucheka. "Nimetoka Maneromango kwa njia ile," alisema. "Lori limekwama, nimesukuma, nimedondoka mara mbili na mbuzi juu yangu. Sasa ama nionyesheni maiti, ama nionyesheni huyo aliyeanguka."

Kwa kuwa maiti hakuwepo, Mwanamvua akawasha runinga. Waombolezaji wakajaa sebuleni, wengine dirishani. Marudio yakaonyeshwa, na kwa mara ya kwanza mtaa wa Misugusugu ukamtazama Sanna. Aling'ata mdomo, akaruka, akaanguka, akaburuzika, akainuka, akaendelea kuzunguka kana kwamba hakuna kitu.

"Mbona kainuka?" Mwinyimadi akauliza.

"Ndiyo, kaka. Wanainuka."

"Na mimi niliinuka. Nani kanililia?"

Mbuzi alikuwa ameshanuiwa, na nia haivunjwi. Akachinjwa, dua ya marehemu ikageuzwa dua ya shukrani, na watu walikula kwa furaha ambayo msibani huwa inafichwa. Hashiru alikula kuliko wote. Sanda Mwinyimadi akarudi nayo, akisema haiozi, mwenyewe atapatikana.

Kikao cha mtaa kilichofuata kilipitisha kwamba mwenye kuwalilia watu wa kwenye runinga afunge madirisha kwanza. Mwanamvua hakupinga. Mashindano yote ya msimu ule aliyatazama ndani ya joto la tanuri, mtandio umemlowa. Firdausi akaanza kuja tena, mara kwa mara, na muhogo wa Kisarawe. Hakuwa anaupenda mchezo wenyewe. Alikaa tu pembeni na simu yake, akiuliza maswali ya kumchokoza mama: huyu anapata nini akizunguka hivyo, na mama yake yuko wapi.

Kwenye fainali za jimnastiki alikuja bila Latifu. Kwenye runinga msichana mdogo alikuwa juu ya ule ubao mwembamba kama upapi, anapiga sarakasi, na Mwanamvua kamshika mwanawe mkono bila kujua kama kamshika.

"Mama," Firdausi akasema. "Nina mimba."

"Subiri ashuke."

Firdausi akasubiri. Msichana akasimama ukingoni mwa ubao, akavuta pumzi, akajirusha, akajikunja mara mbili hewani, akatua kwa miguu yote miwili bila kuyumba. Watu wa huko ng'ambo wakalipuka kwa makofi. Ndipo Mwanamvua akageuka, machozi tayari yanamtiririka, akamtazama mwanawe.

"Umesema nini?"