Jina la marehemu limo kwenye orodha ya mafunzo ambayo hayakufanyika

Admin, jina langu liache, na ofisi yangu usiitaje. Mafia ni kisiwa kidogo, tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, nina mume na watoto wawili. Nafanya kazi za barabara na mitaro ya umma, huu mwaka wa kumi na moja. Nilianza kwa kufyeka majani kando ya barabara, taratibu nikapewa kushika futi na daftari la vipimo.

Mwaka huu kabla ya masika, ofisi ilitakiwa kupeleka mtu mmoja bara kwenye mafunzo ya wiki mbili ya usalama wa uchimbaji. Nikachaguliwa mimi. Kwetu hajawahi kwenda mtu, kwa hiyo nilivuka nikiwa na furaha ambayo siwezi kuieleza. Tulifundishwa kwamba udongo unaotolewa usirundikwe ukingoni mwa mtaro, kingo zishikiliwe kwa mbao, na ngazi iwe karibu na aliye ndani. Nikarudi na cheti. Mkuu akanipongeza mbele ya wenzangu, akasema atapanga siku niwafundishe wote.

Siku hiyo haikupangwa. Kuna mwenzetu mmoja, nimwite kaka Bakari, mchimbaji mkongwe aliyenipokea nilipoanza kazi. Tangu nirudi alikuwa ananiita mwalimu. Siku moja tukinywa chai akaniambia, "Mwalimu, hayo uliyotoka nayo bara utatugawia lini?" Nikamjibu, "Subiri, kaka, mkuu atapanga siku." Akasema sawa.

Nisiwafiche ndugu zangu. Ningeweza kumwambia palepale. Sikumwambia kwa sababu nilitaka siku yenyewe, viti vipangwe, nisimame mbele, na mkuu awepo anisikie.

Baada ya kama mwezi tukapelekwa kuchimba mtaro wa kupitisha bomba chini ya barabara. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, na udongo wa pale ni mchanga mtupu. Nilipofika asubuhi kaka Bakari alikuwa ameshaingia ndani, kichwa hakionekani. Udongo wote umerundikwa ukingoni, mbao hakuna, ngazi hakuna. Nikamfuata msimamizi nikamwambia, "Huu mtaro si salama, bora atoke kwanza." Akanijibu bila kuniangalia, "Tunamaliza leo leo, dada. Nenda kapime kule mbele." Nikaenda kupima.

Nilikuwa nimeinama na futi niliposikia kishindo, kama gunia limedondoka. Nilipogeuka mtaro haukuwepo. Tulifukua kwa mikono kwa sababu tuliogopa kumkata kwa majembe. Tulipomfikia alikuwa ameshakufa. Tukamzika siku hiyohiyo alasiri.

Tangu hapo sijalia. Napika, nafua, naenda kazini. Mume wangu akiniuliza kama nimeshiba, naangalia sahani, nikiikuta tupu najibu nimeshiba. Mwanangu wa pili ameshika nafasi ya kwanza darasani. Nikamwambia hongera, halafu nikaendelea kuchambua mchele.

Siku ya tano baada ya mazishi niliwaita wenzangu niliobaki nao, tukasimama barabarani nikawaeleza yote. Udongo mbali, mbao hivi, ngazi hapa. Nilipomaliza, chai tuliyokuwa tumemiminiwa ilikuwa bado ya moto. Mmoja akaniuliza, "Ndiyo hayo tu?" Nikasema ndiyo hayo.

Jumanne hii mkuu akaniita ofisini, akafunga mlango. Akanisogezea karatasi ya mahudhurio imeandikwa mafunzo ya ndani ya usalama kazini, na tarehe ya wiki moja kabla ya ajali. Majina yetu yote yamo, na la kaka Bakari limo, na mbele yake kuna saini. Nikamwambia, "Mkuu, marehemu alikuwa hawezi kusaini, alikuwa anaweka dole gumba." Akasema, "Hilo litarekebishwa. Wewe saini hapo chini kwenye mkufunzi. Wakaguzi wanakuja Jumatatu. Usiposaini, wataniuliza mimi mara moja, na wewe watakuuliza mara mbili. Ulipelekwa, ukarudi, ulimfundisha nani?"

Nikaomba anipe siku chache.

Juzi nikaenda kumtazama mjane, wifi yangu kwa mazoea, yuko ndani anakaa eda. Akanikaribisha mkekani. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wifi, watu wa ofisini walikuja hapa. Wanasema mume wangu alifundishwa akapuuza, kwa hiyo mambo ya fidia tusiyatarajie sana. Wewe ndiye uliyesoma. Ni kweli alifundishwa?"

Nikamwambia sijui.

Akasema, "Haya, wifi," akaniwekea uji. Nikaunywa wote.

Najua nikisaini, marehemu ndiye atakayebeba lawama na watoto wake watakosa haki yao. Nisiposaini, kazi naipoteza, na mbele ya wakaguzi itabidi niseme kwa mdomo wangu kwamba aliniomba na mimi nikamwambia asubiri. Mume wangu anasema, "Saini, tuna watoto."

Ndugu zangu mnaosoma ukurasa huu, wengine wenu mmewahi kukaa mbele ya wakaguzi, wengine ni wajane. Leo ni Ijumaa. Niambieni Jumatatu niseme nini, na kabla ya hapo, nirudi vipi kwa wifi yangu kumwambia kwamba nilikuwa najua.