Mtungo Nilioukata

Nyumba ninayoishi Mikindani nimeijenga mwenyewe, jiwe kwa jiwe, kwa jasho la miaka tisa Dubai. Nilikwenda kufagia nyumba za watu nikarudi na diploma ya usanifu wa mapambo, niliyoisomea jioni baada ya kazi, karo nikijilipia. Sikusomeshwa na mjomba wala sikufanyiwa harambee. Diploma hiyo nimeitundika sebuleni mkabala na mlango, ili anayeingia aione kabla hajaona kiti. Kwa hilo simwombi mtu radhi. Ninaloliombea radhi ni lile nililolifanya chini ya diploma hiyo, mbele ya wanafunzi wangu, Jumamosi moja asubuhi.

Jumamosi huwafundisha wanawake kutunga shanga. Hukaa mkekani, saba au wanane, wengi wao hawajawahi kushika sindano ya shanga. Nawafundisha kutandika kitambaa cha rangi moja ili punje zisitoroke, kupaka uzi nta usichambuke, kupiga fundo la kuzuia kabla ya kuingiza punje ya kwanza. Lakini sheria yangu kubwa ni moja: usitunge kabla hujapanga. Kila rangi ina shimo lake katika trei la mayai, na hakuna anayegusa sindano mpaka trei limejaa. Nimelisema hilo mara nyingi hata mmoja wao akaniambia, "Mwalimu, wewe hata mchele wa pilau utatutaka tuupange."

Siku hiyo alikuja bi mkubwa mmoja wa Jomvu Kuu. Hakuja kujifunza. Alikuwa amesikia kwamba nina mkono wa kazi hii. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akafungua pembe ya leso na kutoa mtungo mrefu wa shanga, uzi wake wa pamba umekuwa mweusi kwa mafuta ya nazi na karibu kukatika. Binti yake alikuwa mjamzito, miezi minane, naye alitaka mtungo ule uwe imara kabla mtoto hajazaliwa.

"Nitilie uzi mpya tu, mwanangu," alisema. "Usizitie mkono, kwani shanga hizi zina..."

Nikamkata kauli. Nilimwambia nimeelewa, mama, kazi hii nimeisomea, aniachie tu. Aliitazama diploma, akanitazama mimi, akauliza aje lini.

Alipotoka nilimfanya somo. Niliuinua mtungo ule wanafunzi wauone: nyekundu nne, nyeupe moja, kijani saba, nyeusi mbili, nyekundu tena, na mahali fulani katikati punje kubwa ya buluu isiyofanana na yoyote. Niliwaambia hii ndiyo kazi ya mtu aliyetunga bila kupanga, ameokota tu kilicho karibu. Walicheka, nami nilitaka wacheke. Mmoja akaupiga picha kwa simu. Kisha nikachukua mkasi, nikaukata uzi juu ya trei, nikawapa wazichambue kwa rangi.

Ulikuwa mtungo mzuri nilipoumaliza, wallahi. Nyekundu tatu, nyeupe moja, kijani tatu, mwanzo hadi mwisho, nyeusi na ile ya buluu katikati, juu ya mshipi wa nailoni ambao hata samaki angeshindwa kuukata.

Jumamosi iliyofuata bi mkubwa alikuja mapema. Kabla sijamtolea kazi yake alipewa chai, na alipokuwa akinywa akawaeleza wanafunzi mtungo ule ni wa nini. Binti yake alizaliwa mdogo mno, hata hawakudhani angeishi. Kila Ijumaa alimzungushia uzi kiunoni, na mtoto akiongezeka, yeye aliongeza punje, yoyote aliyoipata. Ile ya buluu ndiyo ya arubaini. Zile za kijani ni miezi aliyonenepa. Nyeusi mbili ni wakati alipougua, akaongezeka kidogo tu. Sasa mjukuu akija atamzungushia mtungo uleule, na punje itakayofika kwenye kichwa cha uzi ndiyo itakayomwambia kama mtoto anakwenda alivyokwenda mama yake, na mama yake aliishi.

Wanafunzi wote walijua. Mmoja aliinamia trei lake kana kwamba amepoteza kitu ndani.

Hapo ndipo pa kusema. Mtungo ulikuwa katika droo ya pili, hatua tatu kutoka nilipokaa. Badala yake nilimwambia bado sijaumaliza, aje Jumatatu.

Baadaye nilifahamu kwamba alichokitaka ni kazi ya saa moja. Unafunga uzi mpya kwenye mkia wa uzi wa zamani, unazisukuma punje zivuke moja moja, na hakuna inayobadili mahali. Wanawake wa Jomvu wote wanaijua. Katika diploma yangu haimo.

Niliomba ile picha ya simu. Mtungo ulikuwa umejikunja, ukionyesha labda thuluthi yake. Hiyo niliirudisha ilivyokuwa. Iliyobaki niliitunga kwa kukisia, na punje ya buluu, ambayo pichani ilikuwa imefichwa na kidole changu mwenyewe, niliiweka palipoonekana pazuri. Jumatatu bi mkubwa aliupokea, akaupitisha mkononi, akaniombea dua. Wiki mbili baadaye wanawake watatu wapya walikuja darasani. Walisema wametumwa naye.

Mtoto alizaliwa, wa kike, mdogo kama mama yake. Nilipeleka zawadi, nikaonyeshwa mtungo ukiwa umening'inizwa juu ya kitanda. Sikukaa sana.

Ilipokaribia arubaini, mmoja wa wale wanafunzi watatu alinisimulia mambo ya nyumba ile, kwa kicheko, kama mtu anayesimulia ya jirani. Mtoto hafiki kwenye buluu. Kila Ijumaa anapimwa, na hadi sasa anapungukiwa na punje sita au saba. Bi mkubwa hasemi na binti yake ila kumgombeza: hali chakula, halali usingizi, maziwa yake mepesi, simu haimtoki mkononi. Anamnywesha uji wa pilipili manga asubuhi, mchana na jioni. Na kwamba ameshaagiza maziwa ya mbuzi. Mtoto ataanza kupewa kesho.

Nilikuwa nimeshika koleo. Niliwaambia wanafunzi waendelee bila mimi, nikashuka kwa miguu hadi Jomvu Kuu. Njia nzima nilikuwa nikitunga maneno ya kujitetea: uzi ulikuwa umeoza, ungekatika hata hivyo. Ni kweli ulikuwa umeoza.

Nilimkuta uani akichambua mchicha. Sikukaa. Nilimwambia buluu si mahali pake. Nilimwambia niliukata, nikaupanga kwa rangi, nikautunga upya kwa picha na kwa kukisia, na kwamba mtoto huenda hana neno lolote, asipewe maziwa ya mbuzi, apelekwe kliniki akapimwe kwa mizani.

Alichambua majani matatu au manne zaidi.

"Ungeniambia Jumamosi ile," alisema, "ningekukasirikia Jumamosi ile, tukamaliza. Sasa nimemkasirikia mwanangu siku arubaini. Mwezi mzima nimemwita mzembe. Nenda ndani ukamwambie wewe."

Binti alikuwa kitandani, mtoto kifuani, bakuli la uji limepoa pembeni. Nilimweleza yote. Alinisikiliza akimpapasa mtoto mgongo.

"Kumbe mimi nanyweshwa pilipili kwa ajili ya diploma ya mtu," alisema. Alicheka, kisha akaanza kulia, na hakutaka nimshike.

Kliniki walisema mtoto anaongezeka vizuri. Bi mkubwa alinitumia salamu kwamba amenisamehe, na najua hasemi asilolikusudia. Nilirudi kwao kuomba radhi tena, nikapewa chai.

Mwezi uliopita nilimkuta dukani, hapo njia panda. Tasbihi yake ilikuwa imekatika uzi, punje amezifungia katika pembe ya leso. Muuzaji alikuwa akimtafutia uzi wa kushonea. Nilimwamkia, nikanyoosha mkono kuzipokea, kwa kuwa ni kazi ya dakika kumi kwangu. Aliniitikia vizuri. Aliuliza hali yangu, akauliza darasa linakwendaje, akasema mjukuu ameota jino. Ile pembe ya leso aliishika kwa mkono wa pili mpaka nilipoondoka.