Suti ya Kuazima na Fenesi la Mama

Jamani, hili nilitaka nife nalo, lakini kwa kuwa soko zima la Kisarawe wanalijua, na wapo wanaoniita Laki na Ishirini mpaka leo, bora mlisikie kwangu mwenyewe kabla hamjaletewa lililotiwa chumvi.

Nilipomaliza shahada ya masoko nilisota weee, mwisho nikapata kazi Kibaha, kwenye kampuni ndogo inayouza matangi ya maji, nikapanga chumba kimoja Misugusugu. Kule nyumbani Kisarawe Mama akatangaza kwamba mwanawe ni bosi, nami sikukanusha (wewe ungekanusha?). Sasa mdogo wangu Zuhura naye akachaguliwa kusomea masoko, hapohapo Kibaha, akabakiwa na siku tatu za kuamua kama achukue mkopo wa chuo au abaki kumsaidia Mama kuuza mafenesi. Mama akanipigia simu: "Njoo umwambie mdogo wako ukweli, wewe ndiye umepita huko."

Ukweli! Mimi nikaazima suti ya rangi ya maziwa kwa Neema, rafiki yangu wa uhasibu pale kazini, Jumamosi hiyo nikaenda zangu Kisarawe, nikawakuta sokoni, nikawapa shikamoo wakubwa, kisha nikamwambia Zuhura, mbele ya Mama na mbele ya Bi Sihaba wa meza ya jirani, kwamba masoko yanalipa mno, na huo mkopo wanakata kidogokidogo wala husikii maumivu.

"Alhamdulillahi," akasema Mama, uso umemkunjuka. "Basi nishikie meza, namwona mgonjwa mara moja hapo nyuma. Jifunge kanga hii, na mafuta haya hapa, upake mikono na kisu."

"Mama, kwani mimi mgeni hapa?"

"Mwache," akadakia Bi Sihaba. "Leo tuone digrii inavyouza fenesi."

Basi kanga nikaiacha mezani kwa sababu ingeficha suti, mafuta nikayadharau, nikalipasua fenesi kubwa kuliko yote huku nikiwaita watu kwa sauti ya semina, "Karibuni muonje bure!", na watu wa kwetu ukiwaambia waonje bure wanaonja kwelikweli. Nakata wanakula, nakata wanakula, utomvu ukanishika vidole, nikajifuta kwenye koti bila kufikiri, koti likang'ang'ania mkono, nikajinasua kwa mkono wa pili, nao ukaenda kunasa kwenye ushungi. Baba mmoja aliyekuwa ameshatoa noti aliniangalia, akairudisha mfukoni, akaenda zake.

Simu ikaita hapo mezani, jina la Neema. Mikono yangu haishiki kitu. "Zuhura, pokea, weka spika!" nikasema, na nikiri kwamba kiburi kilikuwemo, maana nilidhani ni mambo ya ofisi, nikataka wasikie ninavyotafutwa hata siku ya mapumziko.

"Shosti, mshahara umeingia!" Neema akapaza sauti (na Neema hana sauti ndogo). "Ila usije ukazimia. Mkopo wa chuo umeshakatwa, na ile advansi ya mshahara uliyochukua tumeikata, umebakiwa na laki na ishirini. Halafu suti yangu naitaka Jumatatu, ole wako uichafue!"

Waliokuwa na fenesi mdomoni wakaacha kutafuna.

"Laki na ishirini ya wiki, mwanangu?" akauliza Bi Sihaba, kwa upole kabisa.

"Ya mwezi, bibi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nageuka, Mama huyo nyuma yangu, amesharudi na amesikia yote. Hakunigombeza. Alichukua chupa ya mafuta, akaanza kunisugua kidole kimoja kimoja, kama alivyokuwa akinifanyia nilipokuwa mtoto, akasema taratibu, "Kumbe zile elfu thelathini unazonitumia kila mwezi unazitoa humohumo?" Nililia, jamani. Nililia katikati ya soko na suti ya watu, kwa aibu, na kwa jinsi nilivyompenda mama yangu saa ile.

Zuhura alingoja nimalize kupenga kamasi. "Haya dada, sasa niambie. Mwezi usio na advansi unabaki na ngapi? Ulikopa kiasi gani? Unamaliza lini?"

Nikamjibu: laki mbili na nusu, milioni nane na ushee, na la tatu sijui, maana sijawahi kuthubutu kuuliza. Akala kipande cha fenesi, ndipo akasema chuo ataenda, ila ataomba mkopo wa ada peke yake. Kula na kulala, atakula na kulala kwangu.

Suti ya Neema nimeilipa kwa miezi miwili, na kitanda changu sasa kina watu wawili, mmoja wao anapiga mateke. Nimeapa kwamba fenesi bila mafuta sikati tena, na anayeniuliza mshahara namtajia pamoja na makato yake. Si rahisi. Juzi Zuhura alikuwa anapika, akaniuliza mwezi huu imebaki ngapi, nikamtajia.

Aliongeza maji kwenye maharage.