Aliyetuambia Damu Haina Mwenyekiti

Jumanne wamemzika huko Kivinje yule mzee mpima damu. Nimechelewa, nilikuwa natafuta kanzu isiyo na tundu, kana kwamba marehemu angenikagua. Darasa la tatu ndiko nilikoishia, mnajua, lakini habari za damu nilizonazo ni zake, enzi za kijiji chetu cha ujamaa, yeye akiwa na darubini pale zahanati.

Mwenyekiti wa kijiji alitaka naye ashike jembe. Kushinda unachungulia kioo, alisema, ni unyonyaji. Ukaitwa mkutano ajitetee. Ilikuwa masika, homa kila nyumba, na akienda shamba hakuna mwingine wa kutusomea damu. Mtu wa taratibu huyo, akaanzia mbali: kwamba ndani ya uboho wa mfupa mna chembe mama ya damu, na watoto wake huzaliwa sawa, hawana kazi. Kisha kila mmoja hushika njia yake, huyu wa kumeza vijidudu, yule wa kutengeneza silaha. Wengine wangali wachanga huhamia kwenye tezi ya kifuani wakafundwa kama watoto wa jando, na huko anayemshambulia wa nyumbani hatoki hai.

Mwenyekiti akauliza, "Na nani huwapangia kazi?"

"Mwili wenyewe, ndugu Mwenyekiti. Hupeana habari. Ugonjwa ukiingia, huongezwa wanaohitajika."

"Hawana mwenyekiti?"

"Hawana."

Hapo alijichimbia kaburi. Mwenyekiti akatugeukia: mmesikia, huyu anataka kijiji kisicho na uongozi, anayemwona ni adui anyooshe mkono. Mikono ikapanda, hata ya wenye homa. Mpima damu akapewa ekari ya muhogo, darubini ikafungiwa stoo na magunia ya ufuta.

Mwezi haujaisha, homa ikamwangusha Mwenyekiti. Darubini ikatolewa stoo, mpima damu akaitwa mbio, akaja na matope magotini, vidole vimejaa malengelenge, hata kioo chenye tone la damu hakishikiki. Nikamshikia mimi. Akachungulia, akanisogezea nami nione. "Hawa wanaomeza wako kazini," akasema. "Hawajauliza damu ni ya nani." Mwenyekiti akatibiwa, akapona, darubini ikabaki zahanati. Samahani hakuna aliyeitoa. Tuliitana ndugu kutwa, inatosha.

Makaburini nimewakuta wenzangu wakisema tulimpenda tangu zamani. Kumpiga adui ni kazi nyepesi, wasomaji wangu. Kazi ni kumtambua wako. Siku ile ya mkutano mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wangu, maana nilikuwa naitaka kwa Mwenyekiti zamu ya lindo ili nikwepe jembe. Ningekuwa chembe ya damu, jandoni nisingetoka hai.