Siku Tuliyosimama kwa Kila Mzee

Nyumba tuliyopanga Kasanga ilikuwa na vyumba viwili, bati jipya na chandarua chenye matundu. Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, alitukabidhi ufunguo akatuambia tujisikie tuko nyumbani. Kweli nilijisikia niko nyumbani, maana kazi yangu ya kwanza ya likizo ilikuwa kufagia. Tulikuwa na siku sita. Mbili za mwanzo nililala tu. Miaka kumi na tisa ya unesi, zamu za mchana na za usiku, ilikuwa imenipa uchovu ambao usingizi hauufikii. Niliamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Siku ya tatu nikamwambia mume wangu tuchukue gari tukatembee kando ya ziwa, bila haraka, tuangalie maji. Alifurahi. Sikumwambia kwamba nilikuwa na sababu nyingine.

Mama yangu, kule Mbeya, hawezi tena kutoka kitandani peke yake, na mimi ndiye binti pekee. Nilikuwa nimeomba uhamisho, nikakubaliwa, na barua ilikuwa mezani kwetu Sumbawanga mwezi wa pili sasa. Jumatatu nilitakiwa kujibu kama naenda au siendi. Kila nilipomuuliza mume wangu, jibu lilikuwa moja: "Tutaona, mama." Yeye ni Mfipa, bwana shamba, mtu mpole mpaka anakera. Katika ndoa yetu yote sijamsikia akimwambia mtu hapana. Hiyo "tutaona" yake inaweza kuwa kukubali, inaweza kuwa kukataa, na sidhani kama yeye mwenyewe huwa anajua. Nikawaza, ndani ya gari atakimbilia wapi?

Nilikuwa nimesahau nimeolewa na nani. Kwao, mtu hampiti mzee akiwa amekaa kwenye kiti chake kama bosi. Anasimama, anashuka, anachuchumaa kidogo, anapiga makofi ya taratibu na kuuliza habari za nyumba nzima, mpaka za ng'ombe. Kwa miguu ni adabu nzuri sana. Kwa gari, katika barabara inayopita kijiji baada ya kijiji, ni balaa.

Ziwa lilikuwa mkono wa kulia, limetulia, bluu hadi kwenye milima ya ng'ambo. Nikavuta pumzi nikaanza: "Baba, ile barua..."

"Ngoja kidogo," akasema, akashika breki. Kulikuwa na mzee anashona wavu. Shikamoo, marahaba, makofi, habari za mvua. Nikangoja garini na jua linanichoma mapajani.

Tukaondoka. Nikaanza tena. Akatokea mzee mwingine, na fimbo yake, anasubiri tu kusalimiwa. Halafu wawili kwenye benchi nje ya duka. Kufikia hapo nilikuwa nimegundua kwamba mume wangu anawaona wazee kabla hata sijafungua mdomo vizuri. Mara moja alisimama na kushuka kwa heshima zote mbele ya mtu mwenye kichwa cheupe, kumbe ni kijana anayepakua saruji, vumbi limemjaa kwenye nywele. Kijana akawahi yeye kusema shikamoo. Siku nyingine ningecheka mpaka machozi. Siku hiyo niliegemeza kichwa kwenye kioo nikafumba macho. Nilimkasirikia, na nilikuwa nimechoka hata kukasirika.

Nilipofumbua macho, gari lilikuwa limesimama tena na mume wangu anamfungulia mlango wa nyuma bibi mmoja mwenye beseni la dagaa wakavu. Alikuwa anakwenda kijiji cha mbele kwa mwanawe. Harufu ya dagaa ikajaa garini. Nikamwamkia, nikasema moyoni, basi, kwa leo yamekwisha.

Bibi alikuwa na maswali, kama bibi yeyote aliyepewa lifti.

"Huyu mkeo, baba, mtu wa wapi?"

"Wa Mbeya, mama."

"Loo, mbali! Na mkimaliza kupumzika hapa, mnarudi kwenu wote?"

Nikaisubiri "tutaona" yake. Nilikuwa naisikia kabisa ikija. Lakini mzee akikuuliza humwambii tutaona. Mzee hujibiwa.

"Mimi narudi Sumbawanga, mama," akasema, macho barabarani. "Mwenzangu anakwenda Mbeya. Mama yake anaumwa, hana mtu mwingine. Mimi siwezi kumfuata, baba yangu amezeeka na mashamba yananitegemea."

"Kwa muda gani?"

"Hatujui, mama. Inaweza kuwa miaka."

"Umefanya vyema kumruhusu," bibi akasema. "Mama ni mama."

Tukafika kijijini kwa mwanawe. Tulishuka wote wawili. Bibi akatupigia makofi ya shukrani, nasi tukachuchumaa tukampigia ya kwetu, akajitwika beseni akaenda zake. Tukarudi garini. Mume wangu alishika usukani bila kuwasha gari.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"Nilikuwa sijui nikuambieje."

Miezi miwili nilikuwa nimejipanga kukataliwa. Nilikuwa na hoja zote: mama, udugu, haki yangu, hata machozi nilikuwa nayo tayari. Alichonipa ni ruhusa, na kwa ruhusa sikuwa nimejipanga. Nilitamani aseme tu, usiende. Ningekwenda vilevile, lakini nilitamani aseme.