Mto Aliouchimba Cucu

Majuzi binti yangu alinitembeza katika mji wa kale kule Ulaya anakofanya kazi. Alichagua njia rahisi, inayofuata mto kisha handaki la zamani lililozunguka mji. Kibao kilimtaja bwana mkubwa aliyelichimba. Harufu ya nyasi zilizokatwa ikanisimamisha, ikanirudisha utotoni.

Nilikuwa mdogo, nimeenda kuokota kuni na nyanya yangu, Cucu, kando ya msitu wa mlimani, juu ya mji wetu wa Naro Moru. Tulifika kwenye bonde refu, jembamba, lililojaa nyasi. Nilidhani ni mto uliokauka.

"Cucu, maji ilienda wapi?"

"Hakukuwa na maji. Ni sisi wamama tulichimba, mama yako akiwa mgongoni."

Nilifurahi ajabu. Kumbe nyanya yangu alichimba mito! Nikateremka mbio, nikirukaruka. Cucu alibaki ukingoni, kamba ya kuni imembana kipaji cha uso.

"Toka hapo," akasema polepole. "Wengine walianguka hapo na hawakuinuka."

Nilidhani waliteleza. Alikataa kuvuka, tukazunguka mbali hadi miguu ikaniuma.

Sasa najua akina mama hao walilazimishwa na wakoloni kuchimba handaki lile, wakisimamiwa na bunduki, ili chakula kisiwafikie wapigania uhuru msituni. Babu yangu alikuwa huko msituni.

"Mum, umechoka?" binti yangu aliuliza.

"Hapana. Hebu soma hicho kibao. Walioshika majembe ni akina nani?"

Akasoma tena, kutoka juu hadi chini.

"Hakisemi, Mum."